Ajali Ina Kinga, na Ufunguo Wake Tunao

Kila baada ya msiba mkubwa maneno ni yaleyale. Majeneza yamepangwa uwanjani, mgeni rasmi anashika kipaza sauti, anawapa pole wafiwa, kisha anasema: "Ndugu zangu, ajali haina kinga." Umati unatikisa vichwa kukubali. Wazee wanaongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tunazika, tunatoa rambirambi, tunarudi makwetu. Baada ya miaka michache tunakutana uwanja mwingine, mbele ya majeneza mengine, na maneno ni hayohayo.

Nimelelewa na methali na ninaziheshimu. Lakini msemo huu ni uongo, tena uongo unaoua. Ajali nyingi zinazotutoa machozi zina kinga. Kinga hiyo inajulikana, imechunguzwa na imeandikwa, mara nyingine kwa mihuri ya serikali zetu wenyewe. Tunaposema haipo, tunamwosha mikono aliyepaswa kuiweka.

Tuanze na watoto. Juni 1994 moto ulizuka usiku katika bweni la Sekondari ya Shauritanga, Rombo, ukaua wasichana zaidi ya 40. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea Bombolulu, katika pwani ya Kenya. Machi 2001 wakafa wavulana 67 Kyanguli, Machakos. Agosti 2009 wasichana 12 wakafa Idodi, Iringa. Septemba 2020 tukazika watoto wapatao 10 wa shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa. Septemba 2024 wakafa wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni walimolala watoto zaidi ya 150.

Vyanzo vya mioto hii havifanani. Idodi ulitajwa mshumaa. Kyanguli petroli ilimwagwa makusudi. Kinachojirudia ni kwamba watoto walijaribu kukimbia na hawakupata pa kutokea. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Bombolulu nako vyuma vilikuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa. Aliyewasha moto kwa makusudi sheria na imwandame. Lakini vyuma vile havikuwekwa na mwanafunzi mwenye hasira. Viliwekwa na watu wazima, mchana kweupe, kwa bajeti iliyopitishwa na kikao, miaka kadhaa kabla ya kibiriti kuwashwa. Tuuite mlango ule kudra?

Nami nililala bweni la namna hiyo. Saa nne usiku patroni alizima taa, akatoka, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo mfukoni hadi nyumbani kwake, umbali wa kiwanja cha mpira. Tulikuwa wavulana zaidi ya sitini. Hakuna aliyeona ajabu, si sisi, si wazazi wetu, si mkaguzi aliyepita mara moja na kuandika kwamba shule ina ulinzi mzuri. Nasi tulijiona tumelindwa. Leo mimi ni mzazi, na nikiukumbuka ule mlio wa kufuli, usingizi unanipaa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Neno usalama tumelikabidhi kwa kufuli. Shule salama, kwa hesabu yetu, ni yenye ukuta mrefu, nondo madirishani na mlinzi getini. Tunalinda magodoro yasiibwe na wanafunzi wasitoroke, na uhai tunaudhania kuwa umo humohumo. Sisemi hofu ya wakuu wa shule haina msingi. Julai 1991, St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakapoteza maisha. Anayewalaza watoto wa watu ana haki ya kuogopa. Lakini jibu la hofu hiyo ni matroni aliye macho na komeo linalofunguliwa kwa ndani. Kufuli la nje humzuia mvamizi kuingia na humzuia mtoto kutoka, na moto ukishawaka halina faida kwa yeyote.

Haya si maarifa mapya. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Unakataza kuufunga kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani. Unataka madirisha yasiwe na vyuma, mlango uwe kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Kila sharti hapo limeandikwa juu ya kaburi la mtoto. Kinga ilikuwepo tangu 2008, na Endarasha imewaka 2024.

Tuje hospitalini, maana huko imani ya kwamba ajali haina kinga ilipimwa kwa hesabu, na sehemu ya vipimo ilifanyika kwetu. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika chumba cha upasuaji. Hospitali zilikuwa nane, katika miji ya London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara, Tanzania. Orodha yenyewe ni ya maswali mepesi. Mgonjwa ni huyu? Tunapasua upande gani? Ana mzio wa dawa? Ameshapewa dawa ya kuzuia maambukizi? Kabla hajatolewa, vitambaa na vifaa vimehesabiwa vikatimia? Kila mmoja chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake, ili muuguzi mdogo asiogope kumwambia daktari bingwa: subiri.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa daktari mpasuaji Atul Gawande. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karibu nusu ya vifo vile, ambavyo jana ndugu wangeambiwa "tumejitahidi, Mungu kampenda zaidi", viliondoka kwa maswali yaliyotosha ukurasa mmoja.

Lakini karatasi haina miujiza. Mwaka 2014 watafiti walichunguza hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hiyo ilikuwa imeamriwa kutoka juu. Hawakuona vifo kupungua kwa kiasi cha kuaminika. Funzo langu hapo ni hili: orodha inayotiwa alama za vema mezani, baada ya kazi, ili mkubwa aridhike, haimwokoi mtu. Inayookoa ni ile inayosomwa kwa sauti kando ya kitanda, na watu wakasimama kusubiri jibu. Mwongozo wa 2008 uliofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule una hatima hiyohiyo.

Msemo wetu una ndugu pacha, naye ni hatari vilevile: "Ni uzembe wa mtu mmoja." Basi likipinduka, dereva. Mgonjwa akipewa dawa siyo, muuguzi. Jengo likianguka, fundi. Ukiwatazama juujuu mapacha hawa wanapingana, kwa kuwa mmoja anamlaumu Mungu na mwingine mnyonge. Kazi yao ni moja: kulifunga jalada kabla swali halijapanda ngazi.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza makosa ya binadamu. Alifananisha kinga na vipande vya jibini vilivyopangwa, kila kimoja na matundu yake. Balaa hupita pale matundu yanapokaa mstari mmoja. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kwa paa la makuti. Hakuna kuti lisilo na upenyo. Nyumba haivuji kwa sababu kuti limelalia kuti. Mvua ikikunyeshea kitandani, usitafute kuti moja la kulaumu. Uliza nani aliezeka, lini lilikaguliwa mara ya mwisho, na nani aliona dari limelowa akanyamaza. Muuguzi aliyekosea dozi saa kumi alfajiri alikuwa peke yake na wagonjwa wangapi? Zile chupa mbili zinazofanana kama kurwa na doto, nani aliziweka rafu moja? Kumfukuza yeye na kuziacha chupa palepale ni kumsubiri muuguzi wa pili.

Mahali pa kazi ushahidi ni mkali zaidi. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar, Bangladesh, nyufa zilionekana katika kuta za jengo la Rana Plaza. Benki iliyokuwa ghorofa za chini iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu wakaamriwa kurudi kazini kesho yake. Asubuhi hiyo ya Aprili 24 jengo liliporomoka na kuua watu 1,134. Ufa mmoja uliwaonya wote. Walioepushwa ni wale ambao bosi wao alikubali kuuona. Baada ya hapo kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wenye nguvu ya kisheria, wahandisi wakakagua viwanda zaidi ya 1,600, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia penye hatari. Kinga ikapatikana, maiti zikiwa zimeshahesabiwa.

Wiki chache kabla, Machi 29, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Zilizosimama zilikuwa 16. Ghorofa sita haziwezi kufichwa chini ya mkeka. Zilipanda moja baada ya nyingine, kila mpita njia akiziona.

Katika jamii nako, mfano upo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahudumu wa afya wa mji mdogo wa Falköping, Sweden, walianza kuandika kila jeraha lililofika kwao: limetokea wapi, saa ngapi, kwa sababu gani. Wakaketi na shule, viwanda na viongozi wa mji, wakarekebisha walichokiona, na ndani ya miaka michache majeraha yakapungua kwa takriban robo. Zahanati zetu zina madaftari pia. Muuguzi anayeshona majeruhi wa bodaboda anajua ni kona ipi inayomletea wagonjwa kila wiki. Nani amewahi kumwita kwenye mkutano wa kijiji akamuuliza? Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaficha hata ajali tulizoponea chupuchupu, tukizigeuza kuwa ushuhuda wa bahati wakati zilikuwa onyo.

Najua nitajibiwa kwa dini: ninashindana na majaliwa ya Mola. Hapana. Mtume aliyeulizwa kuhusu ngamia aliyeachwa huru alielekeza kwamba afungwe kwanza, ndipo Mungu ategemewe. Na Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya kuzungushia dari lake ukingo, asije akaiingiza nyumba yake hatiani kwa damu ya mtu atakayeanguka. Maandiko yanaiweka damu hiyo juu ya mwenye nyumba. Anayesimama makaburini na kumtwisha Mwenyezi Mungu mzigo wa kufuli lake mwenyewe ndiye anayekufuru.

Nitajibiwa pia kwa umaskini. Ni kweli kwamba kinga nyingine ni ghali: kujenga bweni jipya, kununua kivuko kingine. Nalipia ada, nazijua bei. Lakini kuondoa kufuli kunagharimu nini? Fundi seremala anageuza mlango ufunguke kwa nje kwa ujira wa siku moja. Kuwaamsha wanafunzi usiku mara moja kwa muhula wajifunze kutoka gizani ni bure. Kusoma maswali 19 kwa sauti ni dakika chache, na Ifakara waliweza. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu anayejua kwamba ataulizwa.

Basi tuanze kuuliza, na tuanzie palepale msibani. Kiongozi akisema ajali haina kinga, asipigiwe makofi. Aulizwe: ufunguo alikuwa nao nani? Mkaguzi alipita lini, na aliandika nini? Nani aliuona ufa? Ripoti ya tume isomwe hadharani, na mwaka mmoja baadaye isomwe tena, sharti kwa sharti, tuambiwe lipi limetekelezwa.

Na wewe mzazi mwenzangu, usisubiri msiba. Siku ya kuwatembelea watoto, ukishamaliza kuangalia alama, omba kuonyeshwa bweni. Ingia ndani, mwombe patroni aufunge mlango kama anavyoufunga usiku. Kisha simama pale anapolala mwanao, tembea gizani hadi mlangoni, na usukume.