Mila Hutofautiana, Haki ni Moja



Katika vikao vya ukoo baada ya mazishi, aghalabu maneno machache hutosha kufunga mjadala: "Ndiyo mila yetu." Kwa maneno hayo mjane huondolewa katika shamba alilolima maisha yake yote, na binti huambiwa kwamba urithi ni wa kaka zake. Mila yastahili heshima. Lakini anayeifanya kuwa hukumu ya mwisho hana budi kujibu kwanza: ni mila ya nani, na ya tangu lini?

Nchi yetu yenyewe yaonyesha kwamba jambo hili si la maumbile. Kwa Waluguru wa Morogoro ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamke hupata ardhi kwa haki ya ukoo wake. Kwa Wahaya wa Kagera ukoo hufuata upande wa baba, na mila ilimruhusu binti kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Ikiwa mwanamke aweza kukabidhiwa ardhi Uluguru, nani atasema kwamba Mungu alimwumba mwanamke wa Bukoba bila uwezo huo?

Wapo wasemao kwamba usawa katika urithi ni desturi ya wageni. La hasha! Wageni nao hawakuzaliwa nayo. Uswidi, inayosifiwa leo kwa usawa, hadi mwaka 1845 binti wa kijijini alirithi nusu tu ya fungu la kaka yake. Japani, sheria ya mwaka 1898 ilimpa kwa kawaida mwana wa kiume wa kwanza ukuu wa nyumba na mali yake. Mpango huo ulifutwa mwaka 1947. Jirani zetu wa Rwanda walirithisha ardhi kwa wana wa kiume. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kuacha wajane na yatima wengi, mwaka 1999 walitunga sheria ya kumpa binti haki sawa na ndugu yake. Mataifa hayo hayakupoteza utu wao kwa kufanya hivyo.

Hata kwetu, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Watetezi wa mila husema kwamba katazo hilo hulinda ardhi isitoke nje ya ukoo. Hoja hiyo tusiibeze. Lakini zamani katazo lilifuatana na wajibu: ukoo ulimlisha mjane, ukamlea yatima. Leo wengi hushika katazo na kuutupa wajibu. Shamba lachukuliwa kwa jina la ukoo, kisha lauzwa kwa mgeni, na mjane yu barabarani na watoto wake. Hapo mila haikulindwa. Imetumiwa kufunika wizi.

Tusisahau pia mabinti wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Walisimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema madai yao ni ya haki.

Basi yatupasa kutenda. Kila mzazi aandike wosia wake angali mzima, mbele ya mashahidi. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wasiishie kusali rozari msibani. Waombe kuhudhuria kikao cha kugawa mirathi. Na penye dhuluma, mjane asindikizwe hadi Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Asiende peke yake.