Tanuru Lisilohitaji Mivukuto

Mwanafunzi wa sekondari mjini Sumbawanga hufundishwa katika Biolojia kwamba viumbe hubadilika kizazi hata kizazi. Kipindi cha dini kikifika, huambiwa Mungu ndiye Muumba. Wengi hudhani lazima achague. Lakini ushahidi wa mabadiliko hayo umemzunguka. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza mabaki ya Rukwapithecus, mnyama wa ukoo wa sokwe aliyeishi katika Bonde la Rukwa miaka milioni 25 iliyopita. Upande wa pili wa uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya kuhe na sato, nyingi zisizopatikana kwingineko duniani. Kukana hayo hakuilindi imani.

Mfano uko hapohapo Ufipa: Wafipa wa kale waliyeyusha chuma katika malungu (umoja: ilungu), matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Mivukuto ilihitajika baadaye tu, katika tanuru dogo la kusafishia chuma. Je, kwa kuwa ilungu lilijivutia hewa, halikuwa na fundi? La, ufundi wake ulikuwa ndio huo. Vivyo hivyo, ulimwengu wenye uwezo wa kuchipusha uhai kwa kanuni zake haumpunguzii Muumba heshima.

Atakayeshika siku sita za kitabu cha Mwanzo neno kwa neno atapinga. Hata hivyo Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, hakuzichukua kuwa siku za kawaida, karne nyingi kabla ya Darwin na nadharia yake ya mabadiliko ya viumbe. Papa Pius XII naye, mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu. Asiyeamini atasema mafundi wa malungu walijulikana, ilhali Muumba hajaonwa na mtu. Ni kweli: mfano huu hauthibitishi kwamba Mungu yupo. Unaonyesha tu kwamba kueleza moto hakufuti swali la fundi.

Hatari iko kwa mwamini anayemficha Mungu pale sayansi ilipokwama. Chukua asili ya uhai: jaribio la mwanasayansi Stanley Miller la mwaka 1953 lilipata asidi amino kutokana na gesi, maji na cheche za umeme. Seli ya kwanza bado haijaelezwa. Ikielezwa kesho, Mungu wa namna hiyo atahamishwa tena. Mwanafunzi wa Sumbawanga hahitaji Mungu wa kuhamahama: ajibu swali la Biolojia kuhusu Rukwapithecus kikamilifu, kisha aende kusali bila kuona aibu.