Bustani ya Nyumbani: Okidi ya Kinabalu

Mwalimu mmoja, msomaji wetu, ametuandikia kuuliza kwa nini okidi yake ya sapatu haitoi ua, naye ameitunza miaka minne. Twamjibu: Mwalimu mpendwa, usiing'oe.

Okidi hizi zimepata jina hilo kwa kuwa mdomo wa ua lao wafanana na ncha ya sapatu. Yake ni Paphiopedilum rothschildianum, ambayo kwao ni Mlima Kinabalu na vilima vyake tu, katika kisiwa cha Borneo. Wataalamu waliipa jina mwaka 1888. Ua lake likinyosha mikono yake laweza kufikia upana wa sentimeta 30. Lakini tangu mbegu hata ua la kwanza mara nyingi hupita miaka 10. Mbegu ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Msituni husaidiwa na kuvu, na wakulima huiotesha ndani ya chupa.

Sisi wenyewe tulikosa saburi. Mmea wetu ulikuwa na machipukizi matatu, tukaukata ili tumgawie jirani. Cha jirani kilioza. Chetu kilikaa miaka sita bila ua. Jirani hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi. Kumbe kila chipukizi huchanua mara moja tu, kisha hulea wadogo wake kando, nao huishi kwa nguvu za mkubwa wao. Ukiwatenga mapema, wote hudhoofika.

Basi ipande katika vipande vya magome ya msonobari, si udongo, wala chungu kisiwe kikubwa. Mwagilia asubuhi, magome yakaribiapo kukauka. Maji ya mvua ni bora, ila yasituame katikati ya majani. Majani yakikoza ukijani mno, yataka mwanga zaidi, lakini jua la adhuhuri lisiipige.

Kwa wanaotaka kununua: wachumaji waliing'oa mlimani hata ikawa haba, na mapatano ya mataifa yaitwayo CITES yamekataza biashara ya zile za porini. Muulize mwuzaji kama yake imetoka katika mbegu, na akisitasita, rudi nyumbani na fedha yako. Ya Mwalimu ilitoka chupani, tumefurahi.

Mwalimu, utuandikie tena, utuambie ina machipukizi mangapi.