Bandama si kiungo cha kudharauliwa

Msomaji, ukipita soko la samaki la Mji wa Kale, mtazame papa anapopasuliwa. Katika matumbo yatupwayo mna bandama, ambayo wengine huiita wengu. Papa hana mifupa, kwa hivyo hana uboho wa kutengeneza damu. Wala hana mitoki kama ile inayokuvimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni. Lakini bandama anayo.

Wataalamu wanakadiria kuwa ukoo wa papa na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Tangu hapo wanyama wengine wamejiongezea viungo vya kinga. Kuku ana kifuko karibu na tundu la kinyesi. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kifaranga akiondolewa kifuko hicho, kinga yake hudhoofika. Sisi tuna mitoki. Ila bandama imebaki kwa wote: papa, kuku, mbuzi na mwanadamu.

Kwetu sisi, bandama huchuja damu. Hunasa viini vya maradhi na kuondoa chembe zilizochakaa au zilizoingiwa na malaria. Ndiyo maana mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huvimba chini ya mbavu za kushoto.

Pwani ni mojawapo ya sehemu za Kenya ulikoenea ugonjwa wa siko seli. Chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa ya bandama, na mara nyingi kiungo hicho hufa kabla mtoto hajafikisha miaka 5. Akishakosa mlinzi huyo, nimonia au homa ya uti wa mgongo yaweza kumuua kwa muda mfupi sana.

Kinga ipo, tena si ghali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza kwa asilimia 84 mashambulizi makali ya viini vya nimonia kwa watoto hao. Chanjo ya viini hivyo nayo imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2011.

Lakini utampaje penisilini mtoto usiyejua kuwa ni mgonjwa? Maoni yangu ni kwamba kila mtoto anayezaliwa Pwani apimwe siko seli kabla ya kutoka hospitalini. Tone la damu ya kisiginoni latosha. Mzazi, usingoje vidole vivimbe ndipo uulize. Na kama tayari mwanao ana ugonjwa huu, mwombe daktari akufundishe kuipapasa bandama. Ikivimba ghafla na viganja vikawa vyeupe, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.