"Bado Inawaka" Si Jibu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuilinda Windows 10, nimesikia majibu mawili tu. La kwanza linatoka Nairobi, kwa watu wenye laptopu walizonunuliwa na mwajiri: nunueni mpya. La pili ni la huku kwetu, kuanzia Mwingi hadi Mutomo, kuanzia Wote hadi Kathonzweni: si bado inawaka? Yote mawili ni upuzi, na la pili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu ni letu.

La Nairobi halitachukua muda. Laptopu tunazouziwa huku ni zile za "ex-UK", HP EliteBook 840 G3 na wenzake wa 2016 hivi, zilizotumika ofisini kwa watu zikaletwa kwetu. Mashine ni nzima, kibodi ngumu kama jembe. Lakini Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na hiyo ni ya kizazi cha sita. Haijaharibika, imekataliwa mlangoni tu. Kumwambia mtu wa saiba pale Zombe, mwenye mashine nne za aina hiyo, anunue nyingine nne, ni kumwambia afunge duka.

Sasa hili letu. "Bado inawaka" ni hoja ya mtu anayeiona kompyuta kama redio. Redio ikizeeka inakwaruza masikio ya mwenyewe. Mfumo wa kompyuta hauzeeki hivyo. Kila mwezi watu wanagundua matundu mapya ndani yake. Kuna wanaoyaziba na kuna wanaoyapitia kuingia. Ulinzi ukiisha, wa kuziba wanaenda nyumbani, wa kuingia wanabaki. Tena wanasaidiwa, kwa sababu kiraka kinachotolewa kwa mfumo mpya mara nyingi kinaonyesha tundu lililo kwenye ule wa zamani. Na muda huo wote mashine inawaka vizuri kabisa.

Halafu tuseme ukweli ambao wenye saiba hawaupendi: kwetu ulinzi haukuisha Oktoba. Uliisha siku fundi alipozima apdeti zisile bando, au alipoweka Windows ya flashi isiyo na leseni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, ilhali kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Nyingi ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inalindwa. Ulinzi wa kwenye makaratasi haukuzisaidia. Leo bado utakuta Windows 7 saiba, mfumo ulioachwa Januari 2020, na Chrome yake imekwama toleo la 109 tangu 2023.

Anayeumia ni nani? Si mwenye mashine. Yeye akiharibikiwa anaformati, saa mbili, kazi inaendelea. Anayeumia ni susu aliyetoka Kyuso na kitambulisho kimefungwa ndani ya leso, amekuja kusajiliwa SHA. Ni kijana anayeomba HELB. Ni mwalimu anayewasilisha ritani za KRA usiku wa tarehe 30 Juni, foleni imefika nje. Hao wote wanaacha hapo nambari ya kitambulisho, PIN na paswadi, mara nyingi paswadi moja ya kila kitu, imeandikwa nyuma ya risiti ili mhudumu awaandikie. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kutumia mashine isiyo na mlinzi.

Na nani aliwatuma pale? Serikali. Mwaka wa 2023 ilizindua Gava Mkononi ikajisifu kwa huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Sawa, hata mimi nilifurahi, maana foleni za ofisi nazijua. Ila ofisi zilipohamia kwenye intaneti, dirisha lao la mwisho likawa kibanda cha saiba. Pale Konza, kwenye ardhi ya Malili, ndani ya Makueni hii hii, kuna kituo cha kitaifa cha data, na viongozi wanapigia picha hapo. Shuka barabara ya Mombasa hadi Emali uniambie ni nani anayelinda kompyuta ambayo data inaanzia safari. KRA nayo ndiyo iliyotuzoesha kwa miaka kufungua faili ya Excel na kuruhusu makro ndipo ritani ijazike, na makro ni njia ya virusi ya tangu zamani.

Microsoft pia isijifiche. Watumiaji wa nyumbani Ulaya, baada ya vyama vyao kupiga kelele, walipewa mwaka mmoja zaidi wa ulinzi bure. Sisi wengine tukaambiwa tulipe dola 30, au tukubali mipangilio ya mashine zetu ihifadhiwe kwa akaunti ya kampuni. Biashara, na saiba ni biashara, ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inapanda maradufu kila mwaka. Tofauti yetu na Mzungu ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Kaunti zetu mbili zingeweza kuwa mtu huyo. Kila mwaka zinamtoza mwenye saiba leseni ya biashara. Zimpunguzie hiyo leseni, na zitume wanafunzi wa kompyuta kutoka vyuo vya ufundi wamwekee Linux. Utasikia: wateja hawajui Linux. Kwani wanajua Windows? Susu hagusi kibodi, na kijana anatafuta alama ya Chrome tu, ambayo huko pia ipo. Kitakachosumbua ni printa zingine za zamani na hiyo Excel ya KRA, kwa hivyo aache mashine moja ya Windows 11 ya kazi hiyo. Zile EliteBook zilizobaki, flashi ya GB 8 na asubuhi moja zinatosha.