Mtoto Anayelinda Viatu vya Wenzake



Kengele ya michezo inapolia, watoto wetu hukimbilia kiwanjani. Mmoja hubaki chini ya mti akilinda viatu na madaftari ya wenzake. Ni yule mwenye mguu uliopooza, au mwenye ualbino, au yule ambaye akili yake hukomaa polepole. Aliyempa kazi hiyo hakukusudia ubaya; alimhurumia. Lakini huruma ya namna hiyo, ikirudiwa kila siku, humfundisha mtoto kwamba mwili wake ni aibu na mahali pake ni pembeni.

Sisi wa Usukumani tunajua thamani ya mwili. Mtu husifiwa kwa jembe lake shambani na hushangiliwa ngomani, awe wa Bagika au wa Bagalu. Basi mtoto asiyeruhusiwa kukimbia wala kucheza huhesabiwa kama hayupo. Na mwisho yeye mwenyewe hujihesabu hivyo.

Tunakumbuka miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walipopelekwa Buhangija, Shinyanga, ili wanusurike. Ilikuwa lazima kuwalinda. Hata hivyo, kumlinda mtoto ni jambo moja, na kumficha ni jambo jingine.

Wala hatuombi sadaka hapa, tunadai haki. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataka watoto hao washiriki michezo sawa na wenzao, shuleni pia. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Haki hii haihitaji fedha nyingi. Asiyeona hufuata mpira uliotiwa njuga ndani. Mwenye ualbino hucheza asubuhi mapema au jioni, akiwa na kofia pana na mikono mirefu, maana jua la mchana humletea saratani ya ngozi. Mwenye mguu dhaifu hudaka mpira au hupiga ngoma. Asipimwe kwa mbio za mwenzake, bali kwa hatua zake mwenyewe: jana kumi, leo kumi na mbili. Hivyo misuli hupata nguvu, usingizi huwa mzuri, na uso huinuka. Nasi tuache majina ya dharau, kwani neno la mtu mzima hudumu moyoni mwa mtoto kuliko jeraha.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Lalago zitembelee kila nyumba yenye mtoto aliyefichwa, na walezi wa Utoto Mtakatifu wasimwache yeyote pembeni. Kila mmoja wao ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, mwili na roho. Mwiteni aingie kiwanjani. Viatu vitajilinda vyenyewe.