Mwajiri Naye Hujibu

Vyuoni mwetu twafundishwa kuandaa somo, kutumia ubao na kusahihisha madaftari. Lakini jambo moja hupitiwa kwa haraka mno, nalo ni kumlinda mtoto dhidi ya mwalimu mwenyewe. Twaona haya kulisema, na haya hiyo imewaponza watoto wengi.

Mwezi wa Mei 2015, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa ualimu yampasa kuijua. Wasichana wawili wa shule ya msingi walikuwa wamenajisiwa na naibu wa mwalimu wao mkuu. Jaji Mumbi Ngugi aliamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 5 kwa jumla. Mkosaji hakuachiwa mzigo huo peke yake, bali Tume ya Kuajiri Walimu na Serikali pia zilitakiwa kuubeba. Tume ilikata rufani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Wapo waulizao: mwajiri amekosa nini, ilhali hakumtuma mtu kutenda uovu? Swali hilo si la kipuuzi. Sheria hulijibu kwa njia mbili. Kwanza, mwajiri hubeba dhima ya kosa la mtumishi wake likiwa limefungamana na kazi aliyompa. Mtoto huitika aitwapo kwa sababu aitaye ni mwalimu, na mamlaka hayo yametoka kwa mwajiri. Pili, mwajiri huweza kuwa na kosa lake mwenyewe: amepuuza malalamiko, hakuchunguza, au amemhamishia mshukiwa shule nyingine, akawapelekea watoto wengine hatari ile ile. Hapo hajibu kwa uovu wa mwingine, bali kwa uzembe wake katika kusimamia.

Lakini Tume iko mbali na darasa. Macho yake ni mwalimu mkuu, na macho ya mwalimu mkuu ni sisi. Ndiyo maana waraka wa Tume nambari 3 wa mwaka 2010 ulimtaka mwalimu ajuaye au ashukuye dhuluma hiyo atoe taarifa katika muda wa saa 24, na ukaonya kwamba afichaye naye ataadhibiwa.

Twajua hofu iliyopo: huenda mwenzetu akasingiziwa. Hata hivyo, kutoa taarifa si kuhukumu. Uchunguzi humsafisha asiye na hatia. Kimya hakimsafishi mtu yeyote. Kuyamaliza mambo nyumbani, kwa kikao cha wazee na malipo kwa mzazi, humwacha mtoto bila haki na mkosaji bila kizuizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi na tuanze na madogo yaliyo mikononi mwetu. Mwanafunzi asitumwe nyumbani kwa mwalimu kufua wala kuteka maji. Masomo ya ziada yafanyike mahali pa wazi. Mtoto aliyechangamka jana na leo amenyamaza aulizwe kwa upole, na asemapo asikilizwe.

Mahakama hupima dhara kwa shilingi kwa kuwa haina kipimo kingine. Shilingi milioni 5 hazikuwarudishia wale wasichana utoto wao. Mwalimu mmoja aliyesema mapema ni bora kuliko fidia yoyote.